BMW M5: farasi 727 na mzigo wao

Karatasi ya sifa za BMW M5 mpya, iliyozinduliwa katikati ya mwaka 2024, ina namba mbili za kutazamwa. Ya kwanza kila mtu anaitaja: nguvu za farasi 727. Ya pili imekaa chini kabisa, mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki: kilo 2,435. Hiyo ni saluni ya milango minne, haina abiria, haina hata begi moja kwenye buti. Pandisha Probox mbili kwenye mizani kwa pamoja, M5 moja bado itazizidi.

Namba ya kwanza inauza gari. Ya pili ndiyo inayokuambia limetengenezwaje na kwa ajili ya nani, na mimi naona hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Tufanye hesabu ya dukani tu. Chukua uzito wa gari, gawanya kwa farasi wake, utapata kila farasi amebebeshwa kilo ngapi. M5 ya kwanza, ya mwaka 1985, ilikuwa na farasi 286 na uzito wa kilo 1,430 hivi: kila farasi kilo 5. Ya 1998 ilikuwa na farasi 400 wakivuta takriban kilo 1,720, yaani 4.3. Ya 2005 ilifika 3.5. Ya 2011 ikashuka hadi 3.3, na ile iliyotangulia hii mpya, ya 2017 yenye farasi 600 na kilo 1,855, ikagusa 3.1. Kwa jumla mzigo ulikuwa unapungua kwa zaidi ya miaka 30. Halafu ndiyo inafika ya 2024, na hesabu inarudi pale pale ilipokuwa 2011. Wameongezwa farasi 127, na karibu kilo 600 zimepakiwa juu yao.

Saa nayo inasema hivyo hivyo. Kwa vipimo vya BMW wenyewe, M5 ya 2017 inatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4. Hii mpya ni sekunde 3.5. Na kama unataka kuumia zaidi, toleo la CS la 2021, ambalo walilipunguza kama kilo 70 kwa kuweka boneti ya nyuzi za kaboni na viti viwili tu nyuma, lilikuwa na farasi 635 na lilitumia sekunde 3.0.

Sasa, mtu akitengeneza gari lenye nguvu zaidi ambalo halikimbii zaidi, ana sababu zake. Nitazifikia. Kwanza tukumbushane M5 ilikuwa kitu gani, maana bila hapo malalamiko yangu yataonekana ya mzee anayelilia ujana.

BMW walifungua kampuni yao ya michezo, BMW Motorsport, mwaka 1972, kwa ajili ya mashindano. Kutoka huko likatoka gari la M1, na injini ya M1, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.5, ndiyo waliyoichukua baadaye, wakaifanyia marekebisho na kuitia ndani ya saluni ya kawaida ya mfululizo wa 5. Hiyo ndiyo M5 ya 1985. Iliunganishwa kwa mikono, zikatoka kama 2,200 tu. Kwa nje ulikuwa huijui. Ungeikuta imeegeshwa nje ya benki ukadhani ni ya meneja wa mikopo, bwana mpole mwenye miwani, kumbe chini ya koti ana mikono ya bondia. Wakati huo hapakuwa na saluni ya kutoka kiwandani iliyokimbia kuizidi.

Utamu wote ulikuwa hapo, kwenye kuficha. Asubuhi unapeleka watoto shule, jioni gari hilo hilo unakata nalo kona za milima. Ya 1988 iliendeleza mwendo huo na ilikuwa ya mwisho kuunganishwa kwa mikono. Tusiipe muda zaidi, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu iliyoifuata ndiyo niliyoipanda.

Mjomba wangu amekaa Landshut, Bavaria, tangu ujana wake. Ana M5 ya kizazi cha tatu, ile ambayo wapenzi wa magari huiita kwa msimbo wake, E39. Aliinunua imekwisha kutumika, rangi ya kijivu, na anaitunza kama mtu anavyotunza jahazi la baba yake. Nilipomtembelea alinichukua asubuhi moja kunipeleka Dingolfing, mwendo wa kilomita kama 30 kwa barabara kuu ya A92, akanionyeshe kiwanda ambamo gari lake lilizaliwa. Niliingia nikafunga mkanda, nikasubiri mngurumo wa kwenye video. Haukuja. Alitoka kwenye maegesho taratibu kama anabeba mayai.

"Mjomba, si ulisema tunaruka?"

"Subiri, mpwa wangu. Oili bado ya baridi."

Akanyoosha kidole kwenye dashibodi. Kwenye saa ya mizunguko ya injini, kuzunguka ukingo wake, kulikuwa na safu ya vitaa vidogo vimewaka, vimeziba sehemu yote ya juu. Ndivyo walivyolitengeneza: injini ikiwa baridi, vitaa vinakukataza kuipeleka juu, oili inavyopata joto, vinazimika kimoja kimoja, na eneo unaloruhusiwa linapanuka. Tulivitazama vikizimika kwa kilomita kadhaa, tukizungumza habari za nyumbani. Kilipozimika cha mwisho aliacha sentensi katikati, akakanyaga klachi, akarudisha gia moja.

Kilichofuata sikuwa nimekitegemea. Si mshtuko wa kukubandika kwenye kiti. Hata mabasi ya umeme siku hizi yanaweza kukushtua. Ilikuwa nguvu inayopanda kama maji ya bamvua, bila pengo, kadiri mguu unavyoshuka. Injini hiyo ni V8, silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 4.9 isiyo na tabo (turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini), na kila silinda ina mlango wake wa hewa, kwa hiyo mguu ukisogea kidogo, injini inajibu kidogo; ukisogea sana, inajibu sana, papo hapo. Malori upande wa kulia, ambayo kisheria yanakwenda 80, yalikuwa kama yameegeshwa. Tulipopita 200 mjomba alikuwa bado anaendelea na ile sentensi yake ya habari za nyumbani, kwa sauti ile ile. Giaboksi ni ya mkono tu, gia sita. Hapakuwa na ya otomatiki hata kwa mwenye pesa zake.

Lina kasoro. Usukani wake ni wa mfumo wa kizamani, kwa sababu V8 haikuacha nafasi ya mfumo mpya uliokuwa kwenye ndugu zake wenye silinda sita, na mjomba mwenyewe anakiri kwamba ukiwa katikati unakuwa kama umelala. Mafuta linakunywa kama mgeni asiyejua bei. Lakini kila kitu ndani yake kilikuwa na uzito unaolingana na kazi yake, na ndiyo maana nikiulizwa M5 ipi, najibu hiyo kabla swali halijaisha.

Ya 2005 ilikuwa ya wendawazimu, na nasema hivyo kwa mapenzi. BMW wakati huo walikuwa wanapeleka injini za V10 kwenye Formula 1 wakiwa na timu ya Williams, basi wakaamua saluni ya familia nayo iwe na V10: lita 5, farasi 507, mizunguko 8,250 kwa dakika. Ukiliwasha linakupa farasi 400 tu. Ukitaka waliobaki unabonyeza kitufe, kama mtu anayefungua zizi la nyuma. Shida ni kwamba nguvu yake ya msokoto, ile inayoling'oa gari kutoka mahali lilipo, ilikuwa newtonmeta 520, na ilifika kileleni kwenye mizunguko 6,100. Kwa dereva wa kila siku, 6,100 ni kilele cha mlima. Huko chini ambako tunaishi sisi, kwenye foleni na mizunguko ya barabara, gari lilikuwa kama mwimbaji wa opera aliyeombwa anong'one. Mafundi nao wanalijua kwa beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na mhimili wa injini, zinazolika mapema, kiasi kwamba mwenye busara huzibadilisha kabla hazijalalamika.

Ndiyo sababu nasema namba ya farasi pekee inadanganya. Gawanyo la V10 hiyo, kilo 3.5 kwa farasi, haliko mbali na la M5 mpya. Lakini ya 2005 ilihitaji sekunde 4.7 kufika 100 na mpya inahitaji 3.5. Tofauti si ukubwa wa nguvu. Ni mahali zinapoanzia na idadi ya matairi yanayozipokea. Mpya ina newtonmeta 1,000, sehemu yake kubwa inapatikana karibu tangu mguu unapogusa, na inasukuma kwa miguu yote minne. V10 ilikuwa inasukuma kwa miwili ya nyuma na kusubiri mizunguko ipande.

Ya 2011 ilileta tabo mbili na V8 ya lita 4.4, ikaongeza nguvu na kupunguza ulevi wa mafuta, na ikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichekesha: sauti ya injini ilipitishwa kwenye spika za redio ili dereva aisikie, kwa vile nje imeshapoozwa na tabo. Ya 2017 ikawa ya kwanza kusukuma kwa magurudumu manne, lakini wahandisi walikuwa na adabu ya kuacha njia ya kuzima ya mbele kwa anayetaka kuchezea mkia. Kwa kasi na starehe kwa pamoja, hiyo ndiyo M5 iliyokamilika kuliko zote, na naamini hata BMW walijua hivyo walipoketi kuchora inayofuata.

Sasa turudi kwenye kilo 2,435. Zimetoka wapi?

M5 mpya ni haibridi ya kuchomeka. V8 ile ya lita 4.4 imebaki, na gari lilipotoka ilikuwa inatoa farasi 585, yaani pungufu ya gari la 2017. Ndani ya giaboksi ya gia nane wamepachika mota ya umeme ya farasi 197 (zikifanya kazi pamoja BMW wanaziandika 727, si jumla ya moja kwa moja), na chini ya sakafu kuna betri ya kilowati-saa 18.6 za kutumika. Kwa umeme peke yake gari linakwenda hadi kilomita 69 kwa vipimo vya Ulaya, na linaweza kufika kasi ya 140 bila injini kuamka. Betri, nyaya zake, mota, vipoza joto, na bodi iliyoimarishwa kubeba vyote hivyo: ndizo hizo kilo.

Mtu atasema wamefanya hivyo kwa ajili ya mazingira. Mimi nasema chukua kikokotoo ukae kwenye ofisi ya kodi ya Ujerumani.

Takriban theluthi mbili ya magari mapya ya Ujerumani huandikishwa kwa jina la biashara, si la mtu binafsi. Mkurugenzi hanunui M5. Anapewa na kampuni yake. Akilitumia pia kwa shughuli zake, serikali inahesabu kila mwezi asilimia 1 ya bei ya gari kama nyongeza ya mshahara wake na kuikata kodi. M5 hii ilitoka kwa euro 144,000. Asilimia 1 yake ni euro 1,440, na kwa mtu anayekatwa asilimia 42, ni zaidi ya euro 600 zinazoondoka mfukoni kila mwezi. Lakini kanuni inasema haibridi ya kuchomeka isiyotoa zaidi ya gramu 50 za kaboni dioksaidi kwa kilomita ihesabiwe nusu. Na M5 mpya, ilipotoka, iliandikiwa gramu kati ya 37 na 39.

Gramu 39, kwa gari la V8 lenye tabo mbili! Kwenye karatasi hiyo hiyo matumizi ya mafuta ni lita 1.7 kwa kilomita 100, namba ambayo hata bodaboda ingeionea wivu. Siri ni kwamba kipimo kinachukulia dereva anachaji kila mara na sehemu kubwa ya safari zake anakwenda kwa umeme. Betri ikiisha, karatasi yenyewe inakiri, unarudi kwenye lita 10 na zaidi, na huyo ni dereva mpole wa maabara, si mjomba wangu baada ya vitaa kuzimika. Ulaya wameligundua hilo na kuanzia 2025 wamekaza namna ya kuhesabu kwa magari mapya ya aina hii.

Ongeza Ufaransa, ambako gari linalotoa moshi mwingi lilipigwa tozo iliyoweza kufika euro 60,000 mwaka 2024. Ongeza faini ya Umoja wa Ulaya ya euro 95 kwa kila gramu ambayo wastani wa kampuni unazidi kikomo chake, ikizidishwa kwa kila gari lililouzwa. Ukishaijumlisha yote unaelewa kwamba kila kilo ya ile betri imelipiwa, na aliyeilipia si mtu wa kuwania sekunde. M5 ya 1985 ilichorwa na watu wa mashindano. Ya 2024 imechorwa na watu hao hao, ila mhasibu alikaa kiti cha mbele.

Lakini sitaki kuionea. Wenzao wa Mercedes-AMG walikabiliwa na kodi hizo hizo, wakamng'oa V8 kutoka C 63 na kumweka silinda nne wa lita 2 akisaidiwa na umeme, jumla farasi 680. Namba ni za kutisha, wateja wakanuna, kwa sababu mtu hatoi pesa za V8 akasikilize silinda nne. BMW walau walimbakiza V8 nyumbani na kumletea msaidizi. Na msaidizi huyo ana kazi ya kweli: pengo la tabo, ile nusu pumzi ya kusubiri unapokanyaga, mota inaliziba. Kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri katika mtaa wa Kijerumani ambamo jirani anaandika barua kwa kelele ya mashine ya kukata majani, kuondoka kimya kwa umeme ni adabu ambayo hakuna M5 ya zamani iliyokuwa nayo.

Uzito wamejitahidi kuuficha. Magurudumu ya nyuma yanajipinda kidogo kulisaidia gari kukata kona, matairi ya nyuma yana upana wa milimita 295. Ila uzito unafichika mpaka unapofika wakati wa kusimama. Kwa kasi moja, gari hili linaposimamishwa lina nishati ya kumezwa zaidi kwa kama asilimia 40 kuliko lile la mjomba, kwa sababu ya kilo tu. Hakuna programu ya kompyuta inayoisamehe hesabu hiyo. Matairi yatalika kulingana nayo, na bili itakuja kulingana nayo.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii itafika na meli, kama kawaida. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane, na usukani lazima uwe kulia, kwa hiyo M5 za kwanza za kizazi hiki kutoka Uingereza zitaendelea kushuka Mombasa mpaka mwishoni mwa 2031. Bei yake hapo itakuwa imeporomoka kama zilivyoporomoka zote kabla yake, na kijana mwenye pesa kidogo na moyo mkubwa ataiona tangazoni na kusahau kula. Ningemshauri aulize mambo mawili kabla ya rangi: betri imebaki na afya kiasi gani, na ni fundi gani mjini anayeruhusiwa kufungua mfumo wenye umeme wa kuua mtu. V10 ya 2005 iliwafilisi watu, lakini ilikuwa chuma. Fundi mwenye vipimo sahihi na oili ya 10W-60 aliweza kuifungua mezani akaiona inaumwa wapi.

Lile la mjomba limepita kilomita 240,000. Juzi alinitumia picha ya klachi mpya ikiwa bado kwenye boksi, juu ya meza ya jikoni, pembeni ya kikombe cha chai. Akaandika chini: "Ya pili hii. Ukija tena, utasubiri vitaa kama zamani."